Maganga, Ile Nyumba Yenye Magurudumu Imerudi

Maganga, wewe Mnyamwezi mla michembe,

Shikamoo sikupi. Ulinizidi msimu mmoja tu wa mtama, na kwa msimu huo mmoja ukataka nikuamkie maisha yako yote. Sikukuamkia ukiwa na nguvu za kunirushia spana, sitaanza leo umelala chali. Habari za huko. Za huku ni upepo. Mwezi huu wa saba Shelui inapuliza hadi kwenye meno, na kwangu mimi unapita bila kupiga hodi, maana meno yangu unajua yalivyobaki.

Darasa la nne halitoshi kwa barua ya namna hii, lakini wewe uliishia la tatu, kwa hiyo hata nikikosea hutajua. Nina mashtaka juu yako. Tena nina jambo jingine. Nitaanza na mashtaka, hilo jingine nitaona kama nguvu zitafika.

Kibao chetu bado kipo mlangoni. MAGANGA NA MWENZAKE, MAFUNDI WA KILA KITU. Nilikuambia siku ile ile unapaka rangi kwamba jina langu lina herufi sita tu, halitamaliza kopo. Ukasema ubao ni mfupi. Sasa ubao umekuwa mrefu na rangi ipo, ila wewe hupo. Anashuka dereva wa lori hapo barabarani, anauliza, "Maganga yupo?" Namwambia hayupo, mimi ndiye Na Mwenzake. Ananitazama kama mtu aliyeagiza nyama akaletewa mlenda.

Nimechoka, bwana. Naamka nimechoka, nafungua mlango nimechoka, nakaa juu ya lile tairi ulilokuwa unakalia nimechoka. Nikisema pampu ya hili gari imekufa, vijana wa gereji ya pili wanasema ndiyo mzee. Nikigeuka nikasema hapana, pampu ni nzima, wanasema ndiyo mzee, shikamoo mzee. Hakuna anayenibishia. Mimi na wewe kazi yetu ilikuwa hiyo: mimi nasema ni hiki, wewe unasema siyo, tunatukanana mpaka makabila yetu yote mawili yanaisha matusi, na hapo katikati gari linapona. Mimi macho, wewe masikio. Sasa yamebaki macho peke yake, na jicho la kushoto nalo limeanza kuleta ukungu.

Siku ya kukuzika nilitimiza wajibu wa mtani. Niliingia kaburini kabla yako, nikalala, nikafunga mikono kifuani, nikasema hatoki mtu humu na haingii mtu humu, Mnyamwezi huyu nilimwambia atafute lake. Watu wakacheka. Wajomba zako wakaleta jogoo wa kunitoa, nikasema mdogo. Wakaleta mwingine. Katekista akakohoa, akasema, "Mzee Msengi, ibada inachelewa." Walidhani nasubiri jogoo wa tatu. Ukweli ni kwamba mle ndani upepo ulikuwa haufiki. Udongo ulikuwa wa baridi kidogo, umetulia, na mgongo wangu haukuuma. Nikajisemea, mbona panafaa. Mwishowe walinivuta kwa mikono miwili kama gunia, na kwa hasira nikachukua bisibisi yako ndefu, ile uliyokuwa unasikilizia injini, nikasema wanao waigomboe kwa kuku. Hawajaja mpaka leo. Kwa mila hiyo bisibisi ni yangu, ukitaka kesi njoo.

Juzijuzi nilikuwa nimeamua kuifunga gereji. Nakwambia kweli. Mama Kabula wako alikuwa ameniuliza kwa adabu, kwa ile sauti ya mke wa marehemu asiyetaka ugomvi, "Shemeji, kile chumba mnakitumia bado? Vitunguu vyangu havina pa kulala." Hakunifukuza. Lakini alisema "mnakitumia", kama vile bado tuko wawili, nikamwambia nitamjibu. Asubuhi nikatia ufunguo mfukoni, nikaanza kwenda kwake. Sikufika hata kwa muuza maandazi. Nikasikia honi. Nikageuka, Maganga, na ile nyumba yenye magurudumu inaingia uani kwetu.

Huwezi kuwa umeisahau. Ile gari nyeupe, ndefu kama lori la ng'ombe, ndani kitanda, jiko, bomba, na choo. Ulipokiona choo ulisema mtu anayesafiri na choo chake ana mashaka na safari. Ilikuja mwaka jana, mwezi wa tisa, springi ya nyuma imekatikia mlima Sekenke. Wenyewe wazee kama sisi: babu mrefu mwenye maneno mawili ya Kiswahili, "asante" na "hapana", na mkewe, Bibi Marta, aliyekuwa nesi huko Songea ujanani, Kiswahili chake kinatembea kwa mkongojo lakini kinafika. Walilala uani kwetu siku mbili, na upepo ukawa unapiga filimbi ubavuni mwa gari usiku kucha, babu akaamka macho mekundu. Mimi nikaenda kuchomelesha kikombe kinachoshika springi. Niliporudi nilikukuta umesimama unapangusa mikono kwenye suruali, umeridhika kama paka.

"Nimewapa na zawadi," ukaniambia.

Zawadi gani?

"Si wewe ndiye macho? Tafuta."

Nikakupuuza. Zawadi zako nazijua. Harusini kwangu uliniletea jogoo, watu wakakupigia vigelegele, kumbe jogoo mwenyewe ni wangu, ulimkamata nyuma ya nyumba. Wale wazee wakaondoka, wakapunga mkono, nikasahau.

Miezi mitatu baadaye kifua kikakuangusha. Nikapanda basi nikaja kukuona Kiomboi, wodini. Ulikuwa umebaki masikio tu. Ukanyoosha kile kidole gumba, kilichopasuka katikati kama kwato ya mbuzi tangu siku jeki ya lori la vitunguu ilipokishukia. Mpini wa jeki niliushika mimi. Tangu siku hiyo wewe unasema nilishusha mapema, mimi nasema ulichelewa kutoa mkono, na tumesema hivyo kwenye harusi, kwenye misiba, mbele ya wateja, mbele ya watoto wako. Pale kitandani ukauliza tena, sauti kama karatasi.

"Msengi. Sasa sema. Ile jeki?"

Nikakujibu, "Ulichelewa, mzembe wewe."

Ukacheka mpaka nesi akaja kukuinua. Nikaondoka najisifu kwamba nimekuchekesha. Siku ya pili yake ukaenda.

Basi. Gari imeingia. Bibi Marta akashuka, amezeeka zaidi kuliko mwaka jana, akatazama kibao, akanitazama mimi. "Yule mwingine yuko wapi? Yule wa kidole?" Nikamwambia amesafiri. Akauliza anarudi lini. Nikamwonyesha kwa kidevu kule upande wa makaburi. Akavua kofia yake, akaishika mbele kwa mikono miwili, na upepo wote ule ukamvuruga nywele, hakuirudisha mpaka nilipomwambia airudishe.

Akanieleza. Walipotoka hapa mwaka jana waliiacha gari Mwanza kwa rafiki yao, wakaruka kwenda kwao, babu akapasuliwa nyonga. Sasa wamerudi kuichukua. Mwanza ni joto, hawakuhitaji kuwasha kitu. Walipopanda huku kwetu baridi ikamkamata babu kwenye ile nyonga, hawezi kugeuka kitandani, na nesi wake wa kwao alisema akandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Na mashine ya kuchemsha maji na kupasha joto imegoma. Anachemsha kwa birika moja moja, mikono yake nayo inatetemeka. "Nimekuja kwenu," akasema, "kwa sababu ninyi mlitengeneza vizuri."

Ninyi. Yeye naye anasema ninyi.

Mashine yenyewe iko chini ya kitanda, sanduku la bati kama kreti mbili za soda. Gesi inaingia huku, maji huku. Inachemsha maji, na kwa bomba jingine inapuliza hewa ya moto ndani ya nyumba. Ukiwasha, feni inaanza, halafu inagonga cheche, moto unakuja kidogo, unazima, taa nyekundu inawaka. Hivyo hivyo, kila mara. Sijawahi kuona mashine kama ile, wala wewe hujawahi, lakini ungesema umewahi.

Siku ya kwanza nilifuata gesi. Jiko lao linawaka bluu safi, kwa hiyo gesi ipo. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote, hakuna linalotoa mapovu. Nikafuata umeme: betri ya ndani nikaipeleka kuchajiwa, ikarudi imeshiba, taa nyekundu ile ile. Siku ya pili nikafuata maji. Pampu inasukuma, chujio safi, bomba linatoa maji baridi ya kutosha kumuua mtu. Nikafungua mahali pa cheche, nikasugua kwa msasa mpaka pakang'aa. Nikarudisha. Ikawaka. Ikazima. Nyekundu. Babu kule kitandani akasema "asante", na nikajua alitaka kusema lile neno la pili.

Saa tisa mchana nikakaa chini, magoti yanalia kuliko mashine. Nikawaza tufanye kama tulivyozoea kwenye malori: kitu kikikataa, kiruke. Nikate waya wa ile taa nyekundu, niunge moja kwa moja, mashine isipate mahali pa kukatalia. Nikasema kwa sauti, "Unga moja kwa moja." Nikasubiri. Hakuna aliyesema siyo. Bibi Marta aliniangalia tu, ananiamini, kama wale vijana wa ndiyo mzee. Ningependa kukuambia kwamba hekima ndiyo iliyonizuia. Sikuiona koleo ya kukatia waya. Nilitafuta kila mahali mpaka giza likaanza kuingia, nikawaambia tutaendelea kesho, nikasimama, na koleo nilikuwa nimeikalia.

Asubuhi ya tatu nikaja na bisibisi yako. Nilitaka kuitumia kama bisibisi, skrubu moja ilikuwa mbali. Lakini mkono ulipoishika pale pa mti palipolainika, ukafanya ulichokuwa unafanya wewe. Nikaweka ncha kwenye bati, mpini sikioni. Nikamwambia bibi awashe.

Maganga, miaka yote nilidhani unajifanya.

Nilisikia feni. Nilisikia cheche, ti ti ti. Nilisikia moto ukishika, fuu, halafu ukaanza kuhangaika, unavuta, haupati, unavuta, na ukakata. Niliwahi kuisikia sauti hiyo. Niliisikia Kiomboi, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Moto ule ulikuwa unakosa pumzi.

Nikatoka nje kutafuta pua yake. Nikazunguka gari napapasa ubavu kwa kiganja, vumbi la Mwanza mpaka hapa limeganda juu yake, na chini ya dirisha la kitanda nikakuta duara dogo kama kisosi, lina matundu pembeni, lakini matundu hayaonekani, limekuwa bapa, rangi moja na gari. Nikachokoa kwa bisibisi yako. Ikazama. Laini. Nikanusa.

Sabuni ya mche. Kipande kizima, kimekandwa na kitambaa cha lile shati lako la mistari.

Zawadi.

Wewe mtu! Wewe mpagazi uliyeangusha mzigo! Umetumia maisha yako kuziba matangi ya dizeli kwa sabuni mpaka ukaona kila tundu duniani ni la kuzibwa. Filimbi ilimsumbua babu, ukaenda ukaiziba filimbi, na filimbi ndiyo pua ya mashine, ndiko inakovutia hewa na kutolea moshi. Nimezunguka siku tatu, nimepima gesi, umeme, maji, nimepiga magoti kama muumini, nakutafuta wewe! Tena fikiria ningeunga moja kwa moja. Moshi ungerudi ndani, dirisha limefungwa kwa baridi, wazee wawili wamelala. Barua hii isingekuwepo. Ningekuja kukukabidhi wazee hao mwenyewe, wa tatu nyuma yao.

Nikawa nataka kukutukana kwa Kinyiramba, kwa sababu Kiswahili hakina nafasi ya kutosha. Nikafuta vumbi nilione vizuri. Na pale katikati ya sabuni, ulipobonyeza kwa mara ya mwisho ili ikae, kuna alama ya kidole gumba. Imegawanyika katikati. Kwato ya mbuzi.

Nikakaa chini. Bibi Marta akaja mbio, akadhani nimeanguka. Nilikuwa nacheka. Na yale mengine pia, sitayaandika, wewe utayatumia kwenye utani.

"Umepata ubovu?" akaniuliza.

"Nimempata mbovu mwenyewe," nikamwambia.

Nikamweleza yote, sikukuficha hata kidogo. Akamtafsiria babu kupitia dirishani, na babu akacheka mpaka akashika nyonga, akasema, "Asante! Asante!" Safari hii lilikuwa neno lenyewe.

Kulitoa lile bonge la sabuni kulinichukua muda. Ningeweza kuchokoa tu likamwagika. Lakini nilikata kuzunguka ile alama kwa wembe, polepole, kwa jicho moja zuri na moja la ukungu, kama anayekata keki ya askofu. Hicho kipande nikakiweka kwenye kopo la gundi. Kilichobaki nikakichimbua, nikasafisha matundu yote kwa waya na mswaki, nikamwambia bibi awashe. Feni. Cheche. Moto. Tukasimama wote tunasubiri taa nyekundu. Haikuja. Nikaweka bisibisi sikioni, na ilikuwa inapumua, Maganga, taratibu, kama mtu mzima aliyelala baada ya kula.

Maji yalipopata moto bibi akasema fundi anawe kwanza. Nikanawa. Sijui ni lini mara ya mwisho mikono yangu ilipata maji ya moto bila mtu kuugua nyumbani. Nikaiacha chini ya bomba mpaka nikaona aibu. Kisha akachukua taulo akaingia kumkanda mumewe, mimi nikatoka nikaketi juu ya tairi lako, na nikakaa.

Jana wameondoka kwenda Singida mjini, na Arusha baada ya hapo. Filimbi inalia ubavuni. Nimemwambia babu aivumilie.

Mama Kabula alikuja jioni kufuata jibu lake la chumba. Nikamfungulia kopo. Akakitazama kile kipande, akaweka kidole gumba chake juu ya alama yako, hakikujaa. Halafu akasema, "Nilikuwa nasema ni panya wanaomaliza sabuni zangu za kufulia. Nikawawekea na sumu, maskini." Akakirudisha mwenyewe koponi, akafunika. Alipofika mlangoni akageuka. "Vitunguu vitalala kwa dada, shemeji." Ufunguo ukabaki mfukoni mwangu.

Sasa lile jambo jingine. Nguvu zimefika, kidogo.

Nilikuwa nangoja nikukamate na kosa moja kubwa, la wazi, ambalo huwezi kulibishia. Maisha yetu yote sikulipata. Sasa ninalo, limo koponi, lina alama yako, na hata ufufuke huwezi kulikana. Nilidhani nitafurahi kwa wiki nzima. Nimefurahi mpaka wakati wa chakula cha jioni. Kisha nikaitazama ile alama, ule mpasuko wa katikati, nikaona kwamba kwenye kosa lako umebonyeza na langu.

Siku ya lori la vitunguu kulikuwa na mwanamke anapita na beseni la karanga. Hata sura yake siikumbuki. Nilikuwa namwangalia yeye. Mkono wako sikuutazama. Mimi, macho.

Nilishusha mapema, Maganga.

Wewe hukuchelewa. Ulikuwa sawa siku ile, na kwenye harusi zote, na kwenye misiba yote, na pale kitandani. Uliniuliza kwa pumzi ya mwisho mwisho nikakupa utani. Ulicheka, najua. Lakini hukuwa umeuliza uchekeshwe.

Basi nimesema. Barua hii nitaifukia pale kichwani pako kwa bisibisi yako, niweke jiwe, upepo usije ukawasomea ndugu zako wa Nzega. Bisibisi narudi nayo. Kibao sikishushi, wala jina langu siliongezi, nimeshalizoea lililopo. Nitafungua mlango kila asubuhi, nimechoka hivyo hivyo, na kabla ya kusema hili gari lina hiki nitaweka mpini sikioni, nijibishie mwenyewe kwa sauti yako. Tundu lolote nitakaloliona, nitaliuliza kwanza kazi yake.

Siku yangu ikifika, na magoti yameshatangulia njiani, nitakuja na kile kipande mfukoni, nikurudishie. Nipishe upande usio na upepo. Na ukisikia nagonga, tafadhali, usizibe mlango.

Lala, Mnyamwezi.

Mimi,
Na Mwenzake